Sanduku la Goblini Liwe na Nini Ndani?

Ukifungua jedwali la hazina katika kitabu cha msimulizi cha Dungeons & Dragons, toleo la tano la mwaka 2014, ukarusha dadu kwa ajili ya sanduku la maadui wa kiwango cha chini kabisa, kwa wastani utapata sarafu 2,100 za shaba, 1,050 za fedha na 70 za dhahabu. Kwa masikio ni utajiri. Sasa zibadilishe zote ziwe dhahabu, kwa kanuni ya mchezo ya kumi kwa moja, zinabaki 196. Wagawie wachezaji wanne, kila mmoja ana 49. Dawa ya uponyaji, kichupa kimoja cha kunywa mara moja, huuzwa sarafu 50.

Watu wameingia pangoni, wamenusurika, wametoka na damu mwilini, na hakuna hata mmoja anayeweza kununua kichupa kwa fungu lake. Mzigo nao una habari yake. Kwa mujibu wa kanuni, sarafu 50 huwa na uzito wa pauni moja, kwa hiyo hazina hiyo ni kama kilo 29, na kilo 19 kati ya hizo ni shaba yenye thamani ya dhahabu 21 tu. Kitabu kinakadiria kwamba tangu ngazi ya kwanza hadi ya nne kundi litakutana na masanduku saba hivi ya aina hii. Ukiacha vito na vitu vya sihiri, sarafu za masanduku yote saba ni kama dhahabu 1,370. Deraya kamili ya chuma, ile ambayo kila mpiganaji anaiota, ni 1,500.

Silaumu jedwali, limepangwa kwa hesabu nzuri na halitaharibu mchezo wako. Ninachotaka msimulizi aone ni kwamba katika ngazi hizi za mwanzo raha ya hazina haiwezi kutoka kwenye wingi, kwa sababu wingi haupo. Itoke kwingine. Kwa maoni yangu itoke hapa: kila kitu unachokiweka sandukuni kimpe mchezaji tendo ambalo jana hakuweza kulifanya, au uamuzi ambao jana hakuwa nao. Ukishika kipimo hicho, hata pango la goblini watano litatoa hazina itakayozungumzwa miezi sita baadaye.

Kuna sababu ya kihistoria iliyofanya sarafu zipoteze ladha. Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo huu mwaka 1974, sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa nyumbani salama ilihesabiwa kuwa alama moja ya uzoefu. Dhahabu ndiyo iliyompandisha mhusika ngazi. Kwa hiyo mchezaji mwerevu hakuwa na haja ya kupigana na kila zimwi. Alilikwepa, akalilaghai, akalilewesha, akabeba mali yake, na akaendelea mbele kuliko yule aliyechomoa upanga. Toleo la pili, la mwaka 1989, liliifanya kanuni hiyo kuwa ya hiari, na matoleo yaliyofuata yaliegemea alama za kushinda maadui na kutimiza malengo ya hadithi. Dhahabu ikabaki na kazi moja tu, kununua. Sasa ikiwa katika dunia unayoisimulia hakuna cha kununua, au duka ni mstari mmoja tu wa kupita, mchezaji anaandika "dhahabu 49" pembeni ya karatasi na kuisahau. Ukipenda kanuni ya zamani, irudishe kwa kampeni moja uone jinsi wachezaji wanavyobadilika. Inafanya kazi vizuri hadi leo. Usipoirudisha, basi ni wajibu wako kuipa pesa kazi.

Anza kwa kuacha kutoa sarafu tupu. Kitabu cha mchezaji kina orodha fupi ya bei za bidhaa ambayo wasimulizi wengi huiruka, nayo ni lulu. Pauni moja ya karafuu ni dhahabu 3. Mdalasini au pilipili manga ni 2. Zafarani ni 15. Pauni ya tangawizi ina bei sawa na mbuzi mmoja, dhahabu 1, na yadi ya mraba ya hariri ni 10. Gunia la kanuni hubeba pauni 30, kwa hiyo gunia moja la karafuu ni dhahabu 90, karibu nusu ya sanduku zima la wastani, na harufu yake mchezaji wa Kiswahili anaijua bila kuelezwa. Hebu lione pangoni: goblini wamevamia msafara, hawajui walichokipata, wamelifanya gunia mto wa kulalia. Limepigwa chapa ya mfanyabiashara. Je, kundi lirudishe mali kwa mwenyewe na kudai zawadi? Liiuze mji wa pili ambako chapa haijulikani? Na watasafirije nalo, kwa kuwa mvua imeanza na karafuu hazitaki unyevu? Thamani ni ileile ambayo sarafu zingekuwa nayo, lakini mezani kumezuka mjadala wa dakika ishirini, na katika mjadala huo wahusika wanaanza kufahamiana: huyu mwaminifu, huyu tapeli, huyu ana huruma pale tu inapomletea faida.

Njia ya pili ya kuipa thamani kazi ni kutoa malighafi za sihiri. Mwanasihiri anayetaka kutambua nguvu za kitu kwa sihiri ya utambuzi lazima awe na lulu ya dhahabu 100. Anayetaka kumwita mnyama mwandani anahitaji makaa, ubani na mitishamba ya dhahabu 10, na vyote huteketea. Kunakili sihiri mpya kitabuni hugharimu dhahabu 50 na saa mbili kwa kila ngazi ya sihiri hiyo. Kwa hiyo badala ya "kito cha dhahabu 100", sema ni lulu, imeshonwa kwenye ukosi wa vazi la kuhani aliyekufa zamani. Mjanja wa kundi anataka iuzwe leo. Mwanasihiri amenyamaza, anaitazama. Umeshawapa cha kugombania bila kuongeza hata sarafu moja.

Usisahau pia kwamba bei ndogo za kitabu ndizo zinazowafaa wahusika wachanga. Mbwa mkubwa wa vita ni dhahabu 25. Nyumbu wa mizigo ni 8. Mchukuzi asiye na ujuzi hulipwa fedha 2 kwa siku. Mchezaji aliyenunua mbwa kwa fungu lake la kwanza atampa jina kabla hujamaliza kumweleza rangi yake, na kuanzia hapo kila pango ni pango ambalo mbwa yule anaweza kufia. Nimeona makundi yakiacha mlango wa hazina kwa sababu mbwa amekataa kuingia.

Kwenye vitu vya sihiri ndiko wasimulizi wapya huogopa zaidi, na hofu hiyo ina msingi. Mwanasihiri wa ngazi ya kwanza huanza na alama 6 za uhai, pamoja na kile ambacho afya yake itamwongezea. Upanga wa goblini hukata hadi alama 8 kwa pigo moja. Mhusika dhaifu namna hii hubadilika sana kwa kitu kimoja chenye nguvu, na ukishampa huwezi kukinyang'anya bila kumuumiza mchezaji mwenyewe. Jibu la kwanza ni vitu vya kutumika mara moja. Dawa ya kukwea kuta, dawa ya kupumua chini ya maji, vumbi la kutoweka, hati yenye sihiri moja: hata ukikosea ukatoa kitu kikubwa kupita kiasi, kosa litaisha siku kitakapotumika. Kwa sababu hiyo unaweza kuwa mkarimu sana.

Tatizo la vitu hivi linajulikana kwa kila aliyewahi kuendesha mchezo: wachezaji huviweka akiba. Kichupa kinapatikana ngazi ya pili na bado kipo mkobani ngazi ya tisa. Dawa ya ubahili huo ni kutoa vitu hivyo viwili viwili au vitatu vitatu, maana mwenye vitatu hutumia cha kwanza kwa moyo mwepesi. Pia waonyeshe adui akivitumia. Nahodha wa majambazi akinywa dawa ya kukuza mwili mbele yao, akawa mkubwa maradufu na kichwa kikagota dari, watakapokuta kichupa cha pili kwenye mkanda wake hawatauliza kinafanya nini. Na unaweza kuweka muda: mvinyo uliochachuka chini ya sihiri hupoteza nguvu mwezi mpya ukiandama. Hapo kuna mchezaji atakayeukumbuka kila usiku.

Baada ya hapo njoo kwenye vitu vya kudumu visivyoongeza alama yoyote ya kupigana. Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni fimbo isiyosogezeka. Ni kipande cha chuma chenye kitufe upande mmoja. Bonyeza kitufe, fimbo inaganda pale ilipo, hata kama ni hewani, na inabeba uzito wa pauni 8,000, zaidi ya tani tatu na nusu. Bonyeza tena, inaachia. Hakuna zaidi. Haina makali, haitoi moto, haiongezi kinga. Mpe mchezaji fimbo hiyo kisha kaa kimya. Kikao cha kwanza ataitumia kuzuia mlango usifunguliwe. Cha pili atafunga kamba juu ya korongo mahali pasipo na mti wala mwamba. Baadaye ataiingiza kwenye gurudumu la lango la ngome, au kinywani mwa mnyama aliyekuja kummeza, akibonyeza kitufe kwa mkono unaotetemeka. Kila mara wewe unaulizwa swali ambalo hakuna kitabu kilicholijibu, na kila mara yeye ndiye aliyelibuni. Kitabu kinaiweka fimbo hii katika daraja la vitu visivyo vya kawaida sana, la pili kutoka chini, na ni halali kuitoa tangu ngazi ya kwanza.

Katika kundi hilohilo kuna birika la maji yasiyokwisha, ambalo kwa neno moja hutoa maji kidogo, mengi, au mkondo wa zaidi ya lita 100 kwa pigo, matamu au ya chumvi upendavyo. Kuna kamba ya kukwea, mita 18, inayopanda yenyewe na kujifunga inapoamriwa. Kuna mtungi wa mkemia unaotoa kila siku aina moja ya kimiminika kwa chaguo la mwenyewe: bia, asali, siki, asidi kidogo, hata mayonezi, na sijaona kundi lisilopata matumizi ya kivita ya mayonezi. Na kuna mfuko wa wanyama. Unaingiza mkono, unatoa kidonge chenye manyoya, unakirusha, kinageuka mnyama anayekutii. Mara tatu, kisha usubiri alfajiri. Ule mfuko wa rangi ya mchanga hutoa bweha, nyani, dubu mweusi, fisi mkubwa au hata chui milia, na dadu ndiyo inayoamua. Mhusika wa ngazi ya pili anayezingirwa na maadui huku akiomba fisi na kupewa bweha anaishi hadithi ambayo upanga wa kuongeza alama hauwezi kumpa.

Nitaje pia vitu vya daraja la chini kabisa, vile ambavyo kitabu cha Xanathar's Guide to Everything cha mwaka 2017 kiliviongeza kwa wingi. Joho linalopepea kwa amri hata pasipo upepo. Kofia inayotoa popo, chura au panya. Mshale usiovunjika. Msimulizi makini anaweza kuviona upuuzi. Vitoe hata hivyo, kimoja kwa kila mchezaji kabla ya ngazi ya tatu, ukichagua kwa kumtazama mhusika. Mchezaji mwenye joho linalopepea huingia chumbani tofauti na alivyoingia jana, na mpiganaji mwenye haya akipewa kofia ya vyura ataanza kusema.

Upanga basi? Upanga wa kuongeza alama moja ndiyo zawadi inayotolewa zaidi, nami ningeutoa mara chache zaidi. Kwenye dadu ya pande 20, alama moja ni asilimia 5: katika mapigo ishirini, moja lililokuwa likose sasa litapata. Mchezaji hulihisi siku ya kwanza, kisha hesabu inamezwa na karatasi. Toleo la tano limeundwa ili mhusika asihitaji nyongeza hizo, kwa hiyo humnyimi kitu. Ukitaka kutoa silaha, ipe jina, aliyeitengeneza na tabia. Katika mkasa wa Lost Mine of Phandelver, uliokuja ndani ya sanduku la kuanzia la mwaka 2014, kuna shoka liitwalo Hew, kazi ya mhunzi kibeti aliyekuwa na ugomvi na roho za msitu alikokata kuni. Linaongeza alama moja kama mengine, lakini linachinja mimea kwa nguvu zake zote, na anayelibeba huingiwa na wasiwasi akipita porini. Wasiwasi huo ndio unaolifanya likumbukwe. Au toa upanga wa mwanga wa mwezi, unaong'aa gizani bila nyongeza yoyote: siku watakapokutana na mtu anayegeuka mbwamwitu, asiyedhurika kwa chuma cha kawaida, atakayeshika upanga huo ndiye tumaini la wote.

Kuwa mwangalifu na madaraja ya kitabu, kwa sababu hayapimi madhara kwa hadithi. Ufagio wa kuruka uko daraja moja na fimbo yetu, lakini ukiutoa ngazi ya kwanza, kila shimo, ukuta, mto na mnara uliouandaa kwa miezi mitatu ijayo umekuwa uwanja mtupu. Mkoba usiojaa, unaomeza pauni 500 na kubaki na uzito uleule, ni mzuri sana. Lakini kama unafurahia maswali ya karafuu na mvua, usubiri, maana ukiingia mkoba huo maswali hayo yote yanakufa. Na yale makubwa, kama chupa yenye afriti, ambayo msomaji wa Alfu Lela Ulela anaijua kwa asili yake, au zile karata za hatima zilizokuwamo mchezoni tangu 1975 na ambazo karata moja yaweza kumpa mtu ngome yake mwenyewe na nyingine ikamfungia roho yake mbali, ziache. Zina wakati wake.

Vingi kati ya vitu nilivyovitaja, zikiwemo fimbo, birika, kamba na mfuko wa wanyama, vimo katika hati ya kanuni ambayo tangu Januari 2023 ipo wazi chini ya leseni ya Creative Commons. Asiye na vitabu anaweza kuipakua bure na kuanza leo.

Kabla ya kuandika hazina, soma karatasi za wachezaji wako. Si uwezo wao wa kupigana tu, soma walipotoka. Aliyeandika kwamba baba yake alikuwa mvuvi mpe ramani ya mwambao yenye alama ambayo ni yeye peke yake atakayeielewa. Hesabu pia nani amepata nini katika vikao vilivyopita, kwa maandishi, kwa sababu mchezaji mwenye sauti kubwa hupokea vitu vingi bila mtu yeyote kukusudia. Na fikiria hazina isiyobebeka. Katika Waterdeep: Dragon Heist ya mwaka 2018, wahusika wachanga wanaahidiwa malipo, na mlipaji asiye na fedha za kutosha anawapa hati ya jumba lililochakaa, lenye kilabu cha pombe chini na mzimu ndani. Kuanzia hapo kila dhahabu wanayoipata ina pa kwenda: paa, meza, majirani, watoza ushuru. Sijui zawadi bora kwa ngazi ya pili.

Nikikusanya haya kwa pango la goblini, wachezaji wanne, ngazi ya kwanza, ningeandika hivi. Sarafu 300 za fedha na 20 za dhahabu katika chungu kilichopasuka, jumla dhahabu 50. Gunia moja la karafuu lenye chapa. Lulu moja kwenye ukosi wa vazi kuukuu. Vichupa vitatu vya uponyaji, kimoja kikiwa mkononi mwa mkuu wa goblini, atakinywa asipowahiwa. Fimbo ya chuma imekwama hewani katikati ya chumba cha nyuma, goblini wametundikia nyama juu yake na hawajagundua kitufe. Usiwaambie ni nini. Waache waivute na waining'inie, na mmoja akibonyeza kitufe kwa bahati, mwambie nyama imeanguka, fimbo imeanguka, na chini kuna sauti ya chuma kugonga mwamba iliyosikika hadi mlangoni. Mwenye karafuu naye mwandikie jina na mji, maana katika kikao cha pili au cha tatu atakuwa anaulizia mali yake.